Githunguri, Ushirika wa Maziwa wa

Ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika Kaunti ya Kiambu, Kenya, ulioanzishwa mwaka 1961 na wanachama 31. Miaka saba kabla yake, Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulikuwa umewafungulia Waafrika njia ya kufuga ng'ombe wa kizungu, biashara iliyokuwa mikononi mwa walowezi.

Mashamba ya Githunguri ni madogo mno kwa malisho. Ng'ombe, wengi wao Friesian, hukaa bandani na kukatiwa majani ya tembo. Maziwa hupelekwa kituoni alfajiri. Hapo karani hutumbukiza laktomita kuona kama yametiwa maji, kisha huchanganya kiasi kidogo na spiriti: yakikatika, hukataliwa, na jasho la siku nzima limepotea.

Mwaka 2004 ushirika ulifungua kiwanda chake, ukaanza kuuza maziwa kwa jina la Fresha. Hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia yake, kwani mfugaji aliacha kumtegemea mnunuzi wa maziwa ghafi.

Si kila nchi hutegemea ng'ombe kama Githunguri: nchini India karibu nusu ya maziwa hutoka kwa nyati wa kufugwa, nayo huwa na mafuta ya takriban asilimia 7, wakati ya Friesian hayafiki 4. Nyati wa Kenya ni mnyama wa porini, wala hakamwi. Nchini Kenya maziwa ya kiwandani hutoka kwa ng'ombe, na sehemu kubwa yake huzalishwa na wafugaji wadogo.