Mgongo wa Gitaa si Kilema



Vijana wa kikundi cha muziki waliniomba niwatazamie gitaa kuukuu la umeme lililolala stoo, ili lipigwe siku ya kukutana kwetu. Nilipofika, mmoja wao alikwisha shika randa. Ubao wa shingoni, pale vidole vinapokandamiza nyuzi, aliuona umevimba katikati, akataka kuusawazisha. Nilimzuia, nikaahidi kumwandikia historia ya uvimbe huo. Ahadi ni deni, nami nalipa.

Magitaa ya Kihispania, kama yale ya fundi Antonio de Torres (1817–1892), yalikuwa na ubao bapa na nyuzi za utumbo wa mnyama. Zilipoingia nyuzi za chuma, mambo yalibadilika. Nyuzi sita za chuma huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 45 hadi 75 hivi, kwa kadiri ya unene wake, na mti ukikaa miaka mingi katika mvuto huo hupinda kama upinde wa mwindaji. Kiwanda cha Gibson cha Kalamazoo, Marekani, kilipata dawa. Mfanyakazi wake Thaddeus McHugh alibuni ufito wa chuma unaopita ndani ya shingo na kukazwa kwa nati, akapewa hataza mwaka 1923. Si wote waliofuata upesi: kiwanda cha Martin kilianza kutumia ufito wa kukazwa mwaka 1985.

Lakini huko ni kupinda kwa urefu, na ni ugonjwa. Mgongo wa upana ni jambo jingine kabisa, nao umewekwa na fundi kwa makusudi. Kidole cha shahada kinapolala juu ya nyuzi zote sita, ubao wenye mgongo hukipokea vizuri kuliko ubao bapa.

Mgongo huo hupimwa kama kipande cha duara. Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, alitoa gitaa lake la mti mzima mwaka 1950, na Stratocaster mwaka 1954. Migongo yake ilikuwa ya duara lenye nusu kipenyo cha inchi 7.25, yaani milimita 184. Gibson Les Paul ya mwaka 1952 ilikuwa na inchi 12, yaani milimita 305. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo mgongo unavyozidi kuinuka.

Nyuzi za miaka ya 1950 zilikuwa nene, na wapigaji hawakuzivuta sana kando. Katika miaka ya 1960 zikaja nyuzi nyembamba, na vijana wakapenda kuzivuta ili gitaa lilie. Hapo kasoro ikaonekana: uzi ukivutwa kukatisha mgongo mkali hugusa freti za mbele, yaani vile vijiti vya chuma vilivyokingama shingoni, na sauti hufa. Ndipo mafundi wengi wakashika randa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Fender wenyewe walihamia inchi 9.5 katika magitaa yao ya kawaida. Hata hivyo, tangu mwaka 1982 walikuwa wakitengeneza tena mifano ya zamani yenye mgongo wa 7.25, ishara kwamba wapo walioukosa.

Sasa tupige hesabu. Mahali shingo ina upana wa milimita 52, mgongo wa duara la milimita 184 huinuka kama milimita 1.8, ule wa 305 huinuka kama 1.1. Kubadilisha wa kwanza uwe wa pili ni kuondoa milimita 0.7 za mti katikati. Ni kidogo kwa macho, lakini hazirudi. Tena magitaa mengi ya zamani yana ubao wa rosiwudi ya Brazili, ndugu wa mpingo wetu, ambayo biashara yake ya kimataifa ilibanwa vikali mwaka 1992.

Nasema haya kwa sababu niliyatenda. Nikiwa fundi mchanga, mzee mmoja aliniletea gitaa la ujana wake, nikaupiga randa ubao hadi ukawa karibu bapa. Alipolishika alinyamaza, kisha akasema, “Mwanangu, mkono wangu haulijui tena.” Sikuwa na la kumrudishia. Majuto ni mjukuu.

Kwa hiyo, vijana, kabla ya chombo chochote, kateni kigezo cha karatasi ngumu mkapime mgongo. Kisha bonyezeni uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, mtazame katikati: pawe na upenyo mdogo tu. Ukizidi, kazeni nati robo mzunguko, mngoje, mpime tena. Freti zilizolika zisawazisheni kwa kipande cha mti chenye mviringo uleule, kimevikwa msasa. Zikibidi mpya, zikunjeni zifuate mgongo uliopo.

Gitaa la shule lilihitaji robo mzunguko mbili na msasa wa saa moja. Mgongo wake uko palepale alipouacha aliyeuchonga. Usiache mbachao kwa msala upitao. Tukutane ukumbini, mlisikie.