Alhamisi ya Bao

Kila Alhamisi, baada ya sala ya Isha, bao huwekwa nyumbani kwetu. Mkeka hutandikwa barazani, taa hutundikwa msumarini, na kete hazijagawanywa bado utakuta watu sita au saba wameshakaa: wawili wa kucheza na waliobaki wa kusema. Adhaniye kuwa bao ni mchezo wa watu wawili hajapata kukaa baraza ya Unguja. Wachezaji hutia mkono tu. Wanaotaka hiki kiliwe na kile kiachwe ni hao waliokaa pembeni na vikombe vya kahawa.

Desturi hii sikuianzisha mimi. Niliirithi kwa marehemu baba pamoja na bao lenyewe, ambalo ni la mti wa mfenesi, limeng'ara kwa mikono ya watu kuliko kwa randa ya seremala. Lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete zake ni komwe 64, zile mbegu za rangi ya kijivu za mkomwe wa pwani. Mbili zilipotea zamani, na badala yake tumetia mawe madogo ya ufukweni. Wageni huyacheka. Sisi tumeshayazoea.

Msomaji asiyelijua bao la Kiswahili nitamweleza kidogo tu, maana bao halifundishiki kwa karatasi. Kila mmoja huanza na kete sita ndani ya nyumba, lile shimo la mraba, na kete mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuliani mwake. Ishirini na mbili zilizobaki hukaa nazo mkononi, akizinamua moja moja. Kete zikisha mkononi ndipo mchezo huingia mtaji. Jambo linalonipendeza zaidi ni hili: kete iliyoliwa haitolewi nje kama inavyotolewa ya dama. Huhamia upande wa aliyeila, ikatawanywa kwenye mashimo yake, na baada ya duru mbili tatu pengine imekwisharudi kwa mwenyewe. Tangu mwanzo hata mwisho komwe ni 64 zilezile.

Mchezo huu ni wa zamani mno kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga shairi linalokwenda kwa lugha ya bao, na asingelitunga kama watu wa baraza zake wasingekuwa na habari ya nyumba na kete. Waganda wana omweso wao, nao ni wa mashimo 32 na kete 64. Wamalawi wana bawo, na jina lenyewe lasema limetoka wapi. Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt alimaliza tasnifu yake ya chuo kikuu cha Leiden juu ya namna mabingwa wa bao wanavyofikiri, na alikuja kuwatafuta mabingwa hao hapahapa Unguja. Baba angelifurahi kulisikia hilo, ingawa najua angeuliza: je, mwenyewe anacheza?

Bao halikuwa peke yake barazani. Karata nazo zina hadithi, tena hadithi ya kuchekesha. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698. Karne mbili za mizinga, na katika vitu vichache walivyotuachia kinywani ni shupaza, kopa, uru na turufu. Mpaka leo mtu ambaye hajui Vasco da Gama ni nani anapiga turufu yake chini kwa kishindo, akisema Kireno pasipo kujua. Keram ilitujia na Wahindi, na hiyo huchezwa ndani, ambako dada yangu hana mpinzani.

Lakini niliyokusudia kuyaandika siyo hayo.

Baba alikuwa na sharti moja barazani: siasa huvuliwa pamoja na viatu. Nilipokuwa mtoto nililiona ni neno la mzee anayependa utulivu. Baadaye nikajua limetoka wapi. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1957 watu wa Unguja waligawanyika, huyu Hizbu, huyu Afro-Shirazi, hata mtu akawa hanunui chumvi katika duka la asiyekuwa wa chama chake. Baraza nazo zikagawanyika. Juni 1961, siku ya uchaguzi, kukazuka fujo zilizoua watu 68. Mama alitusimulia kwamba mwaka ule bao lilikaa uvunguni miezi mingi, na baba alipolitoa tena, wa kwanza kuja hawakuwa wote waliokuwapo mwanzo. Yeye mwenyewe hakupata kulizungumza.

Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, baba alikuwa ameshafariki na baraza ilikuwa mikononi mwangu. Nilikuwa mwalimu, mwenye kusoma magazeti, nikijiona ni mtu wa zama mpya. Sharti la baba nililiona limepitwa na wakati. Nikasema, watu wazima wanaweza kucheza na kujadiliana. Kwa miaka mitatu walijadiliana kweli, na sitakataa kwamba zilikuwa Alhamisi tamu.

Ukaja uchaguzi wa Oktoba 1995. Tofauti baina ya wagombea wawili wa urais wa Zanzibar haikufika asilimia moja ya kura, na kila upande ukaondoka na neno lake. Alhamisi iliyofuata nilikuwa nacheza na shemegi yangu, mume wa dada yangu niliyemtaja. Mmoja wa watazamaji akatupa neno juu ya kura. Shemegi akajibu. Nami, badala ya kunyamaza kama mwenye nyumba, nikajibu zaidi, nikamwambia mbele ya watu neno ambalo mtu hamwambii shemegi yake. Alikuwa ameshika kete mkononi. Akaziweka ndani ya bao zote kwa pamoja, katika shimo moja, akavaa viatu, akamwita mkewe, wakaenda zao.

Hakukanyaga baraza yangu kwa miaka 14.

Nayasema haya bila kujitetea. Yalikuwa yakitokea kila mtaa, na Pemba yalikuwa mabaya zaidi; kulikuwa na watu wasiozikana. Muafaka ulitiwa saini mwaka 1999 ukavunjika, ukatiwa mwingine mwaka 2001 baada ya damu kumwagika Januari, nao ukalegea. Lakini ya kwangu hayakufanywa na chama chochote. Niliyafanya mimi kwa ulimi wangu, kwenye mkeka wa baba yangu. Dada alikuwa akija peke yake Idi mbili, akileta sahani ya halua iliyofunikwa kawa, akikaa dakika kumi. Wanawe walikua nikiwaona kwa mbali. Bao niliendelea kuliweka, kwa ukaidi zaidi kuliko kwa furaha, na Alhamisi nyingine tulikuwa watu watatu, kwani waliobaki walikuwa ndani na televisheni zao.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu, wakapeana mikono. Wengi hatukuamini, tulikuwa tumeshaamini mara mbili. Kisha mwezi wa Desemba umeme unaotujia kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ukakatika, tukakaa gizani karibu miezi mitatu. Waliokuwa na majenereta waliyawasha. Sisi wengine tulitafuta makandili, tukavuta mikeka nje kwa joto la ndani. Mitaa iliyokuwa imezoea kelele za televisheni ikawa inasikia tena kete zikigonga mbao. Katika wiki ya pili nilihesabu watu 11 barazani kwangu, na wengine nilikuwa sijawaona usiku tangu harusi zao.

Shemegi alikuja Alhamisi moja ya Januari. Hakubisha hodi wala hakutoa maelezo. Alivua viatu, akakaa mwisho wa mkeka ambako mwanga wa kandili haufiki vizuri, akatazama bao mbili bila ya kusema. Mimi nilikuwa nacheza, na vidole vyangu vilikuwa vikikosea mashimo. Mchezo ulipokwisha nilimpisha aliyeshindana nami, nikabaki nimekaa na upande wa pili mtupu. Nilikuwa na hotuba niliyoitunga kwa miaka. Nilichoweza kusema ni, "Shemegi, uniwie radhi." Akasema, "Panga kete." Nikapanga. Alinifunga mkononi, yaani kabla hata hatujaingia mtaji, jambo ambalo mchezaji wa umri wangu hulionea haya wiki nzima. Waliokaa pembeni walinizomea kwa raha zao. Alipoondoka alisema tu kwamba dada ameuliza kama bado tuna ile keram.

Julai 31 mwaka ule wa 2010 watu walipiga kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, na theluthi mbili hivi walisema ndiyo. Yaliyofuata baada ya miaka mitano yanajulikana, wala sina la kuongeza. Asubuhi ya Ijumaa moja, kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2015, nilichukua chaki nikaandika ukutani juu ya baraza sharti la baba. Mvua imelifuta mara nyingi, nami huliandika tena.

Macho ya shemegi sasa ni mazito. Anahesabu kete kwa kupapasa, na ni mwepesi vilevile. Mpinzani wake mkubwa siku hizi ni mjukuu wake, msichana wa miaka 12, ambaye amejifunza kwa kukaa nyuma ya babu yake, na ambaye wazee wawili watatu walininong'oneza kuwa baraza siyo mahali pake. Niliwajibu kuwa waje wamfunge kwanza. Alhamisi iliyopita nyumba yake ilisafiri kutoka kushoto mpaka kichwani, ikala, ikaendelea, na babu yake akawa anauliza, "Imelala? Imelala?" Ilikuwa haijalala.