Safari ndefu ya rubani Marekani: kutoka shirika dogo hadi shirika kuu

Msafiri anayeabiri ndege katika mji mdogo wa Marekani ili kuunganisha safari Chicago au Dallas huona ubavuni mwa ndege jina la American Eagle, Delta Connection au United Express. Tiketi aliinunua kwa shirika kuu, rangi ni zile zile, na mizigo yake itafika mwisho wa safari bila yeye kuigusa. Hata hivyo, walio katika chumba cha marubani hawakuajiriwa na shirika lililomuuzia tiketi. Wao ni wa shirika jingine, dogo, lenye mkataba wake, mishahara yake na orodha yake ya marubani. Wengi wao wako hapo wakisubiri siku ya kuitwa na lile kubwa.

Biashara yenyewe ni rahisi kueleza. Kwa kawaida shirika kuu hulilipa lile dogo kwa kila safari, kisha likachukua nauli pamoja na hasara ya viti vitupu. SkyWest, yenye makao yake Utah, huyahudumia mashirika makuu kadhaa kwa wakati mmoja. Envoy, Piedmont na PSA ni mali ya kampuni inayomiliki American Airlines, nayo Endeavor ni mali ya Delta. Mpaka baina ya dogo na kubwa umewekwa na vyama vya marubani wa mashirika makuu, ambao hawakutaka kazi zao zihamishiwe kwa watu wa mshahara mdogo. Katika mikataba ya American, Delta na United, ndege za washirika hao haziruhusiwi kuzidi viti 76. Ndiyo sababu ndege aina ya Embraer 175, ambayo ina nafasi ya viti zaidi, hupangwa viti 76 na kuachwa hivyo.

Ili kuielewa hamu ya kuvuka mpaka huo, sharti kwanza kuielewa orodha ya ukongwe. Rubani anapoajiriwa hupewa namba kulingana na tarehe aliyoanza kazi. Namba hiyo ndiyo huamua ndege atakayoendesha, mji atakaoanzia safari, mwezi wa likizo yake, na siku atakayohamia kiti cha kushoto akawa kapteni. Aliyeajiriwa Jumatatu humtangulia wa Jumanne hadi wote wawili wastaafu, hata kama wa Jumanne ndiye hodari zaidi. Na namba hiyo haihamishiki. Mhariri akihama gazeti huhama na uzoefu wake, na pengine akapandishwa cheo siku hiyo hiyo. Kapteni wa miaka 20 akihamia shirika jingine huanzia mkiani, chini ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyotangulia. Mashirika ya Compass na Trans States yalipofunga milango Aprili 2020, ukongwe wa marubani wao ulizikwa pamoja nayo.

Kwa hiyo kila mwaka rubani anaoukawia katika shirika dogo ni mwaka anaoupoteza katika kubwa. Mwaka 1997 American, shirika tanzu la Eagle na vyama viwili vya marubani viliafikiana kuweka njia rasmi: makapteni wa ndege za jeti za Eagle wangepata namba American bila kushindana na waombaji wa nje, na marubani wa American wakipunguzwa kazi wangeweza kushukia Eagle. Makubaliano hayo yaliwapendeza wengi, mpaka yalipojaribiwa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, American ilipunguza maelfu ya wafanyakazi, na ngazi iliyokusudiwa kupandia ikawa ya kushukia. Marubani walioachishwa kazi waliteremka na kuvikalia viti vya makapteni wa Eagle, na makapteni hao wakarudishwa kulia. Mzozo juu ya nani ana haki ya namba gani ulifikishwa kwa wasuluhishi na kudumu miaka mingi. Hata hivyo wazo lenyewe halikufa, kwani Envoy, jina jipya la Eagle tangu 2014, pamoja na PSA na Piedmont zingali na njia kama hiyo ya kuingilia American.

Kisha mlango ukafungwa kwa namna nyingine. Desemba 2007 umri wa lazima wa kustaafu uliongezwa kutoka miaka 60 hadi 65. Kwa miaka mitano, takriban hakuna aliyelazimika kuondoka kwa sababu ya umri, na mdororo wa uchumi wa 2008 ukaongeza uzito. Vijana walikwama katika mashirika madogo kwa mishahara ambayo haikutosha hata kulipia mikopo ya masomo yao.

Katika hali hiyo ndipo ilipotokea ajali ya Buffalo. Usiku wa Februari 12, 2009, ndege aina ya Q400 ya shirika la Colgan Air, iliyokuwa ikitoka Newark kwa jina la Continental Connection, iliangukia nyumba karibu na Buffalo, jimbo la New York. Wote 49 waliokuwamo walifariki, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani. Wachunguzi wa bodi ya usalama wa uchukuzi, NTSB, walibaini kwamba kasi ilipopungua mno, usukani ulitikisika kutoa onyo, naye kapteni akauvuta badala ya kuusukuma mbele ili mabawa yapate tena nguvu ya kuibeba ndege. Ilibainika pia kwamba rubani msaidizi, mwenye umri wa miaka 24, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka eneo la Seattle, upande wa pili wa nchi, ili afike kazini. Umma ulishtuka kusikia jinsi alivyolipwa.

Familia za marehemu ziliwafuata wabunge mjini Washington bila kuchoka. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2010, na kuanza kutekelezwa kikamilifu 2013, ilimtaka kila rubani wa shirika la abiria, hata msaidizi, awe na leseni ya daraja la juu ambayo kwa kawaida huhitaji saa 1,500 angani. Hapo awali msaidizi aliweza kuajiriwa akiwa na saa 250. Waliotoka jeshini walipunguziwa hadi saa 750, na wenye shahada ya urubani kutoka vyuo vilivyoidhinishwa hadi 1,000.

Ubishi juu ya sheria hiyo haujaisha. Wapinzani hukumbusha, na ni kweli, kwamba marubani wote wawili wa Colgan walikuwa na saa zaidi ya 2,000. Mwandishi wa makala haya huona kwamba hoja hiyo haitoshi. Hesabu ya saa peke yake haimfundishi mtu la kufanya usukani unapotikisika, lakini sheria hiyo iliandamana na mafunzo mapya na kanuni za mapumziko, na zaidi ya hayo ilipunguza idadi ya watu waliokuwa tayari kufanya kazi kwa ujira wowote. Nchini Kenya, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya dunia, rubani msaidizi angali anaweza kuanza na leseni ya biashara inayopatikana kwa takriban saa 200, kisha akajengewa uzoefu kazini. Ni njia tofauti, nayo ina watetezi wake.

Marekani, saa hizo zinazopungua hupatikana aghalabu kwa kuwafundisha wengine. Kijana hutumia karibu dola 100,000 kwa masomo, kisha hufundisha wanagenzi katika ndege za injini moja kwa mwaka mmoja au miwili kabla shirika dogo halijamwangalia. Akishaajiriwa hukutana na kizingiti kingine ambacho watu wa nje hawakijui: hawezi kuwa kapteni kabla ya kutimiza saa 1,000 katika shirika la ndege.

Kizingiti hicho kilileta kioja baada ya janga la Covid-19. Mwaka 2020 mashirika makuu yaliwashawishi marubani wakongwe wastaafu mapema. Delta pekee iliwaaga zaidi ya 1,700. Abiria waliporejea, mashirika hayo yaliyageukia madogo na kuwachukua makapteni. Mashirika madogo yakabaki na wasaidizi wengi wasioweza kuruka kwa kukosa kapteni wa kuwaongoza, na kwa kuwa hawaruki, hawakuweza kutimiza zile saa 1,000 ili wawe makapteni.

Walioumia kwanza ni wakazi wa miji midogo. Machi 2022 SkyWest ilitoa notisi ya kuacha kuhudumia miji 29 iliyokuwa ikisafirishiwa abiria kwa ruzuku ya serikali. Shirika la Republic liliomba wahitimu wa chuo chake waruhusiwe kuajiriwa kwa saa 750. Mamlaka ya usafiri wa ndege, FAA, ilikataa Septemba mwaka huo. Kilichobaki kilikuwa pesa. Juni 2022 Envoy na Piedmont zilitangaza kwamba rubani msaidizi mpya angelipwa dola 90 kwa saa ya kuruka. Mapema mwaka huo Delta ilikuwa imeacha kuwadai waombaji shahada ya miaka minne, na 2023 ikatia saini mkataba wa nyongeza ya takriban asilimia 34 katika miaka minne. American na United zikafuata.

Mbio hizo zilipungua 2024. Boeing ilichelewesha ndege mpya, na United ikasitisha kuwapokea marubani wapya mwezi Mei na Juni. Mwaka huo huo pendekezo la kuongeza umri wa kustaafu hadi miaka 67, lililokuwa limepitishwa na Baraza la Wawakilishi 2023, halikuingizwa katika sheria mpya ya usafiri wa anga. Umri ukabaki miaka 65.