Kugunduliwa kwa Kiini cha Ndani cha Dunia, 1906–1936

Historia ya elimu ya matabaka ya Dunia ni historia ya ushahidi usioonekana kwa macho. Kwa kuwa hakuna chombo kinachoweza kufika kwenye kiini, wataalamu walitegemea mawimbi ya matetemeko ya ardhi. Makala hii inadai kwamba kiini cha ndani kiligunduliwa kwa kuifasiri upya ishara ambayo tayari ilikuwa imepewa maelezo yaliyokubalika.

Mwaka 1906, Richard Dixon Oldham alionesha kwamba Dunia ina kiini, kwani mawimbi yaliyopita karibu na kitovu chake yalichelewa. Mwaka 1909, tetemeko lililotokea karibu na Zagreb lilimwezesha Andrija Mohorovičić kutambua mpaka kati ya ganda la Dunia na tabaka lililo chini yake, yaani koti. Baadaye Beno Gutenberg alikadiria kuwa kiini huanza kwenye kina cha kilomita 2,900 hivi, na mwaka 1926 Harold Jeffreys alihitimisha kuwa kiini hicho ni kimiminika. Picha ilielekea kukamilika.

Hata hivyo, dosari moja ilibaki. Kiini cha kimiminika hupinda mawimbi na kuacha ukanda wa kivuli ambamo mawimbi yaliyopita ndani ya Dunia hayakutarajiwa kujitokeza. Mawimbi hafifu yalinakiliwa humo, na yalielezwa kuwa yamezunguka ukingo wa kiini. Inge Lehmann wa Denmark hakuridhishwa na maelezo hayo. Alipochunguza rekodi za tetemeko la New Zealand la mwaka 1929, aliona kuwa mawimbi hayo yalikuwa dhahiri mno. Katika makala yake ya mwaka 1936, yenye anwani fupi P′, alionesha kwa hesabu sahili kwamba kiini kidogo zaidi, ambamo mawimbi huenda kwa kasi kubwa zaidi, kingeweza kuyaelekeza kwenye ukanda huo.

Ikumbukwe kwamba Lehmann hakudai kuwa amethibitisha; alionesha tu kuwa dhana yake inawezekana. Francis Birch alipendekeza mwaka 1940 kuwa kiini hicho ni kigumu, na ushahidi wa mitikisiko ya Dunia nzima uliunga mkono rai hiyo mwaka 1971. Kwa hiyo, tarehe ya 1936 isichukuliwe kuwa mwisho wa mjadala. Ilikuwa mwanzo wa swali lililohitaji miaka 35 kujibiwa.