Maneno yanayoandikwa juu ya karatasi ya ECG hutoka wapi?

Msikilizaji wa Peramiho, Songea au Mbinga aliyewahi kupimwa moyo kwa ECG atakumbuka karatasi ya miraba midogo yenye mistari inayopanda na kushuka. Mashine nyingi za siku hizi huandika zenyewe, juu ya karatasi hiyo, kwamba mapigo ni ya kawaida au yana hitilafu. Mgonjwa akisoma hapo, anaweza kupoteza usingizi kabla hajaonana na daktari.

ECG hupima umeme mdogo wa moyo. Mhudumu hubandika vibandiko 10 kifuani, mikononi na miguuni, na mashine huchora umeme huo kwa pande 12. Kila pigo huwa na kilima kidogo cha vyumba vya juu vya moyo, kisha mlima mrefu mwembamba wa vyumba vya chini.

Kompyuta huanza kwa kutafuta milima mirefu. Njia moja inayotumika sana ilitolewa mwaka 1985 na Jiapu Pan na Willis Tompkins, huko Marekani. Inachuja mitikisiko ya misuli na mvumo wa umeme wa ukutani, inakuza sehemu zinazopanda ghafla, kisha inaamua lipi ni pigo. Baada ya hapo ni hesabu tu: muda kati ya mlima na mlima. Muda ukibadilika ovyo na vilima vidogo visipoonekana, mashine husema vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kudunda.

Hilo si jambo dogo. Damu hutuama, huganda, na bonge likifika kwenye ubongo ni kiharusi. Hatari yake huongezeka karibu mara 5. Na kwetu hawapati wazee wenye presha peke yao. Mafindofindo yasiyotibiwa vizuri utotoni yanaweza kuharibu valvu za moyo, na tatizo likamfika kijana.

Programu nyingi zimepimwa kwa rekodi 48 za nusu saa, za watu 47, zilizokusanywa Boston miaka ya 1970. Zinafaa kulinganisha programu, lakini hao si wagonjwa wa Ruvuma. Mtu akitetemeka kwa baridi ya Juni, au kibandiko kikilegea, mashine inaweza kutaja ugonjwa ambao haupo. Tena karatasi ya kawaida hubeba sekunde 10 tu. Hitilafu inayokuja na kuondoka huhitaji kifaa cha kuvaliwa saa 24 au zaidi.

Kwa hiyo muulize daktari kama ameisoma mistari yenyewe. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, na nauli ya kufuata kosa la mashine ni hasara. Ukipewa rufaa, beba karatasi yenyewe pamoja na za zamani, maana daktari huzilinganisha. Nyingi huchapwa kwa joto na hufifia zikikaa juani, basi zipige picha kwa simu siku hiyo hiyo.