Kwa Nini Pampu Mpya Hugoma Kwenye Kisima Kirefu

Ndugu mkulima, kila kiangazi huletewa swali hilihili: pampu ni mpya, injini inanguruma vizuri, mpira hauvuji, lakini maji hayapandi. Boksi limeandikwa mita 30, na maji kisimani yako mita 12 tu chini. Je, umeibiwa? Mara nyingi hujaibiwa. Umekutana na kikwazo kilichowasumbua watu wa Ulaya karibu miaka 400 iliyopita, na ni vizuri ukijue kabla hujarudi dukani kugombana.

Wachimba madini ndio walioumia kwanza. Kitabu cha migodi cha Mjerumani Georgius Agricola, kilichotoka mwaka 1556, kina picha ya pampu zilizopangwa shimoni moja juu ya nyingine: ya chini inamwaga kwenye tangi, ya juu yake inayachukua hapo. Fikiria gharama yake! Hawakufanya vile kwa kupenda.

Mwaka 1638 Mtaliano Galileo Galilei alichapisha kitabu cha mazungumzo. Mzungumzaji mmoja anasimulia kwamba alimwita fundi kutengeneza pampu iliyoacha kutoa maji. Fundi akamjibu kuwa pampu ni nzima, ila maji yameshuka mno, na hakuna pampu ya kufyonza inayoweza kuyapandisha zaidi ya dhiraa 18, yaani mita 10 na kidogo. Mimi fundi yule namheshimu kuliko Galileo mwenyewe, ambaye alidhani maji hukatika kwa uzito wake kama kamba iliyoning'inizwa ikawa ndefu mno.

Jibu lilitoka kwa Evangelista Torricelli mwaka 1644. Badala ya maji alitumia zebaki, iliyo nzito kuliko maji mara 13.6. Mrija wa kioo uliojaa zebaki uligeuzwa mdomo chini ndani ya bakuli. Zebaki ikashuka, ikasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Zidisha 76 kwa 13.6 utapata sentimita 1,034 hivi, yaani mita 10.3 za maji. Ni kimo kilekile cha fundi! Torricelli akaeleza kwamba hewa ina uzito, na uzito huo ndio unaosukuma zebaki juu.

Kwa hiyo pampu haivuti maji. Inaondoa hewa ndani ya bomba, kisha hewa ya nje inakandamiza maji kisimani na kuyasukuma juu. Ni kama unapokunywa dafu kwa mrija. Hewa ikifika mwisho wa nguvu zake, hata ukinunua injini kubwa mara tatu, hakuna kitu.

Tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer alipanda na mrija kama huo mlima Puy de Dôme huko Ufaransa, kwa ombi la shemeji yake, Blaise Pascal. Kileleni zebaki ilishuka kwa sentimita 8 hivi. Wewe uliyeko Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, habari hii inakuhusu: kwako hewa inaweza kuinua maji takriban mita 8 tu, na hapo pampu iwe haina kasoro yoyote. Ukitoa msuguano wa bomba na hewa inayopenya kwenye viungio, panga mita 5 au 6. Pwani panga 7.

Zile mita 30 za kwenye boksi ni jumla ya kimo chote, na sehemu kubwa ni kusukuma maji kutoka kwenye pampu kwenda juu. Wewe muuza pampu, mweleze mteja tofauti hiyo, na umuulize kina cha maji yake kabla hujapokea pesa. Mkulima, funga jiwe kwenye kamba upime mwenyewe mwisho wa kiangazi, kuanzia pampu itakapokaa hadi uso wa maji.

Kama ni mtoni, chonga ngazi ukingoni uishushe pampu karibu na maji. Lakini usithubutu kushusha injini ya petroli kisimani. Moshi wake hujaa mle na kuua mtu kabla hajashtuka. Kwa kisima kirefu tafuta pampu ya kuzamisha au pampu ya kamba: hizo hubeba maji kutoka chini, hazingoji kusukumiwa na hewa.