Tiba shufaa kwa wazee

Tiba shufaa kwa wazee ni huduma ya afya inayolenga kupunguza maumivu na mateso mengine ya watu wenye umri mkubwa wanaougua maradhi mazito, kama vile saratani, moyo kushindwa kufanya kazi au demenshia (ugonjwa wa kusahau). Haikusudii kuharakisha kifo wala kukiahirisha. Inaweza kuanza tangu ugonjwa unapogunduliwa, sambamba na matibabu mengine, nayo inahusu pia familia ya mgonjwa.

Mahitaji ya wazee

Mara nyingi mzee ana maradhi zaidi ya moja na hutumia dawa kadhaa kwa wakati mmoja. Figo zikidhoofika, morfini hudumu mwilini muda mrefu zaidi, hivyo mgonjwa huanzishiwa dozi ndogo. Kwa kuwa morfini hufunga choo, hupewa pia dawa ya kulainisha choo. Mwenye demenshia huenda asiweze kusema anaumwa wapi. Mhudumu hutazama dalili kama kukunja uso, kuhangaika au kukataa chakula.

Mpangilio wa huduma

Hospitali kubwa peke yake hazitoshi, kwa kuwa wazee wengi huuguzwa nyumbani, pengine na mume au mke ambaye naye ni mzee. Shirika la Afya Duniani hutaja nguzo kuu za huduma hiyo: sera ya serikali, upatikanaji wa dawa, mafunzo na utekelezaji. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizihimiza nchi wanachama kuiingiza tiba shufaa katika mifumo yao ya afya.

Mfano wa Uganda

Hospice Africa Uganda ilianzishwa mjini Kampala mwaka 1993 na daktari Mwingereza Anne Merriman. Ilieneza matumizi ya morfini ya kunywa, inayotengenezwa nchini kwa kuchanganya unga wa morfini na maji, kisha kutiwa rangi ili kutofautisha nguvu yake.

Kikwazo kilikuwa uhaba wa madaktari vijijini. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kumwandikia mgonjwa morfini. Hivyo mzee asiyeweza kusafiri anaweza kutibiwa maumivu karibu na nyumbani kwake. Hata hivyo, ruhusa hiyo haimsaidii pale ambapo hakuna mhudumu aliyefunzwa au dawa imekwisha.